Diski, kisukari na mguu unaokufa ganzi: je, nikubali upasuaji wa mgongo?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni dereva wa lori mwenye umri wa miaka 49. Ninaishi Mbeya na mke wangu na watoto wanne, na kwa miaka 17 nimekuwa nikipeleka mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi mpaka wa Tunduma. Maumivu ya kiuno ninayo kwa zaidi ya miaka mitatu. Yalikuwa yakija na kuondoka, nami niliyachukulia kuwa ni sehemu ya kazi, kwa kuwa sijui dereva wa masafa marefu asiyelalamikia kiuno.

Miezi mitano iliyopita nilikuwa napanda mlima wa Kitonga na mzigo kamili. Nilipokanyaga klachi nilihisi kama shoti ya umeme imeanzia kwenye tako la kushoto, ikashuka nyuma ya paja na pembeni ya muundi hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Niliegesha gari kwa shida. Tangu siku hiyo mguu huo una ganzi upande wa juu, pale kamba za kiatu zinapofungwa, na nikikohoa au kupiga chafya shoti inarudi. Jambo jingine ni kwamba mara mbili kandambili imenivuka nikitoka bafuni bila mimi kujua, hadi mke wangu aliponiuliza kwa nini natembea na moja.

Usiku mateso yanabadilika. Nyayo zote mbili zinawaka moto, hata shuka sitaki liniguse. Kisukari niligunduliwa miaka saba iliyopita na ninameza metformini, ingawa safarini kipimo cha sukari nakipitisha.

Nimechomwa sindano za diklofenaki karibu kila wiki kwenye duka la dawa, nikachomwa na za vitamini "za mishipa". Nimevaa mkanda wa kiuno, nimelala chini kwenye mkeka kwa miezi miwili, na kila jioni natumbukiza miguu katika maji ya moto yenye chumvi. Kipimo cha MRI kilionyesha kwamba diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imetokeza na kukandamiza neva ya kushoto. Daktari wa kwanza alisema nifanyiwe upasuaji wa takriban milioni 7, vinginevyo nitapooza. Wa pili alinipa pregabalini, ambayo imepunguza kidogo moto wa nyayo lakini inanifanya nisinzie nikiwa kwenye usukani, na shoti ya mguu iko palepale.

Mke wangu anasema tuuze kiwanja. Kaka yangu mkubwa anasema hajawahi kuona mtu aliyepasuliwa mgongo akatembea tena, na anataka anipeleke kwa mzee anayechua mishipa. Naomba unisaidie nijue lipi la kwanza.

Dereva, Mbeya

*

Marahaba, ndugu Dereva.

Kabla ya kugusa suala la kisu au la kiwanja, ningependa kutenganisha mambo ambayo wewe na waliokutibu mmeyafunga katika furushi moja linaloitwa "mgongo". Una maumivu ya kiuno ya miaka mitatu. Una neva moja iliyobanwa upande wa kushoto, na ndiyo iliyokupiga shoti pale Kitonga. Una pia nyayo mbili zinazowaka usiku, na hizo, kwa maelezo uliyotoa, zinaelekea kuwa kazi ya kisukari. Diski iliyotokeza upande wa kushoto haiwezi kuwasha moto mguu wa kulia. Kila moja kati ya hizo tatu ina matibabu yake, na naona sehemu kubwa ya miezi mitano uliyopoteza imekwenda katika kutibu moja kwa dawa ya nyingine.

Nianze na neva, kwa sababu ndiyo isiyosubiri. Eneo la kiuno lina pingili tano, na kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani kifuko kigumu chenye ute mzito ndani yake. Kifuko kikichanika upande wa nyuma, ute hutokeza, hugusa neva na kuifanya ivimbe. Neva inayobanwa mara nyingi na diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ndiyo inayopeleka hisia juu ya mguu na kwenye kidole gumba, na ndiyo inayoamuru kidole hicho na mguu wote kuinuka. Kwa hiyo ganzi yako ya mahali pa kamba za kiatu inalingana na picha ya MRI. Kandambili, kwa upande wake, inaweza kukuvuka kwa sababu huihisi, au kwa sababu mguu hauinuki vizuri, na hilo la pili ndilo linalonitia wasiwasi.

Jipime leo. Shika ukuta kwa mkono mmoja, simama kwa visigino huku sehemu ya mbele ya miguu yote miwili ikiwa hewani, kisha piga hatua kumi. Kama mguu wa kushoto unashuka wenyewe, au unapotembea kawaida unapiga sakafu "pa" kuliko wa kulia, basi neva imeanza kupoteza nguvu na unapaswa kumwona daktari bingwa wa upasuaji wa mgongo au wa mishipa ya fahamu ndani ya siku chache. Endapo utashindwa kukojoa au mkojo utakutoka bila kujijua, au ukapata ganzi sehemu za siri na zile zinazogusa tandiko la baiskeli, au miguu yote miwili ikalegea, hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Hapo neva nyingi zimebanwa kwa pamoja, na kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kuzirudisha.

Kuhusu picha yenyewe, usiiogope kupita kiasi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, na wakaona kwamba kati ya wenye miaka 50, takriban 60 katika kila 100 walikuwa na diski iliyovimba kutoka mahali pake. Wengi wa rika lako, wakiwemo wanaocheza mpira kila Jumapili, wakiingizwa kwenye mashine ile watatoka na ripoti za kutisha. Picha yako ina maana kwa sababu inakubaliana na mguu wako. Ingekuwa inaonyesha diski ya upande wa kulia, nisingeipa uzito wowote.

Sasa nyayo. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu kwanza neva ndefu kuliko zote, zile zinazofika vidoleni, ndiyo maana uharibifu huu huanza miguu yote miwili kwa pamoja na kupanda kama mtu anayevaa soksi. Mwombe mke wako akupime kwa njia rahisi ambayo hata kliniki za kisukari huitumia. Fumba macho, naye akuguse kwa wepesi sana, bila kubonyeza, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu, kila kimoja kwa sekunde moja au mbili, huku ukisema unapohisi. Ukikosa viwili au zaidi kati ya hivyo sita, hisia zimepungua kiasi cha kuhitaji uangalizi. Na kuanzia jioni ya leo acha maji ya moto. Mtu ambaye hajui kwamba kandambili imemvuka hawezi kujua kwamba maji yanamuunguza, na vidonda vingi vinavyoishia kukatwa mguu huanza kwa beseni la namna hiyo. Kandambili nazo ziache kwa viatu vilivyofunika vidole, na uvikung'ute kabla ya kuvaa.

Kuna jambo moja kuhusu zile sindano za vitamini. Metformini ikitumika kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo peke yake huharibu neva na kuleta ganzi na moto uleule. Hivyo si upuuzi kuzifikiria, lakini omba kipimo cha B12 kwanza, au angalau mweleze daktari kwamba una miaka saba ya metformini. Mchanganyiko wa "vitamini za mishipa" una pia B6, ambayo ikizidishwa kwa muda mrefu huharibu neva zilezile unazotaka kuziponya. Anayekuuzia sindano hizo kila wiki huenda hilo halijui.

Dawa uliyopewa na daktari wa pili haikuwa ya kubahatisha. Pregabalini hutuliza maumivu ya neva yanayotokana na kisukari, na ndiyo maana moto wa nyayo umepungua. Lakini kwa mguu uliobanwa na diski, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 nchini Australia haukuona tofauti kati ya dawa hiyo na vidonge visivyo na dawa ndani, na mwongozo wa Uingereza unawaambia madaktari wasiitumie kwa siatika, yaani maumivu ya mguu kama hayo yako yanayotokana na neva iliyobanwa kiunoni. Ndivyo ilivyotokea kwako, nusu imefanya kazi na nusu haikufanya. Usiiache ghafla, kwa kuwa kuikatisha kwa siku moja kunaweza kuleta jasho, wasiwasi na kukosa usingizi. Hupunguzwa hatua kwa hatua kwa angalau wiki moja. Mweleze daktari kwamba unasinzia, naye anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia. Amitriptilini ni ya bei nafuu, huanza kwa miligramu 10 usiku, na kwa neva za kisukari haizidiwi na pregabalini, ila nayo huleta usingizi, hukausha kinywa na inaweza kuzuia mkojo kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyokua. Duloksetini, pale inapopatikana, ina sifa ambayo ingekufaa, kwa kuwa husaidia neva za kisukari na, kwa kiasi kidogo, maumivu sugu ya kiuno pia. Hakuna hata moja kati ya hizi inayofufua neva. Zinapunguza kelele tu, na kinacholinda neva iliyobaki ni sukari iliyoshuka.

Diklofenaki ya kila wiki iache kabisa hadi upimwe figo na shinikizo la damu. Hutuliza kiuno kwa siku chache, lakini kwa mwenye kisukari cha miaka saba huongeza mzigo juu ya figo ambazo tayari zina mzigo, mbali na vidonda vya tumbo. Isitoshe, sindano ya tako ikichomwa mahali pasipo sahihi inaweza kumjeruhi mtu neva ya siatiki, ile kubwa inayopita takoni kushuka mguuni. Nimewahi kumpokea mgonjwa aliyeingia duka la dawa akiumwa kiuno na kutoka akiburuta mguu. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, unayoweza kupewa na madereva wenzako pale mizani usiipokee, kwa sababu ya uraibu wake, na kwa sababu ikichanganywa na amitriptilini au duloksetini inaweza kuleta degedege.

Kiuno chenyewe kinataka mwendo. Shirika la Afya Duniani lilitoa Desemba 2023 mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi, na humo mazoezi na elimu kwa mgonjwa vimependekezwa, wakati mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo kwa vitu vizito vimekataliwa. Vua mkanda. Inuka pia kutoka kwenye mkeka, kwa sababu godoro la ugumu wa wastani limeonekana kuwafaa wagonjwa wa kiuno kuliko gumu sana. Mkeka huo utumie kwa kazi nyingine. Lala kifudifudi kwa dakika mbili, kisha jiinue kwa viwiko kama mtu anayesoma gazeti chini, nyonga zikibaki zimegusa mkeka, ukae hivyo dakika moja na kurudia mara kadhaa kwa siku. Angalia shoti inakwenda wapi. Ikipanda kutoka kidoleni kuja pajani na kutulia kiunoni, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno kinauma zaidi kwa muda. Ikishuka kuelekea mguuni, acha mara moja, zoezi hilo si lako. Mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe atakuchagulia mengine, na mtake akuone mara kadhaa, asikupe karatasi ya michoro tu na kukuaga.

Kutembea kunaonekana dawa duni kwa sababu hakuna risiti, lakini utafiti wa Australia wa mwaka 2024 uliowahusisha watu 701 waliowahi kuumwa kiuno ulionyesha kwamba waliofundishwa kutembea, wakilenga dakika 30 mara tano kwa wiki, walikaa kwa wastani siku 208 kabla ya maumivu kurudi, na wasiofundishwa siku 112. Anza na dakika kumi, ukiwa na viatu vilivyofunika.

Kuhusu mzee wa kuchua, kukandwa kwa upole kwenye misuli ya kiuno hakuna ubaya, na kunaleta usingizi. Asikusokote mgongo, asikukanyage na asiguse mguu wenye ganzi. Kama atakupa unga wa kunywa, ukatae, kwa maana katika nchi nyingi dawa za namna hiyo zimekutwa zimetiwa steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, na steroidi itapandisha sukari yako kabla ya jua kuzama. Kwa sababu hiyohiyo, ukipendekezewa sindano ya steroidi kwenye uti wa mgongo, ambayo kwa baadhi ya watu hupunguza maumivu ya mguu kwa muda mfupi, hakikisha anayekuchoma anajua una kisukari na unapima sukari kila siku kwa wiki inayofuata.

Nimefika kwenye upasuaji. Kaka yako hasemi uongo kuhusu aliyoyaona, ila huenda wengi anaowakumbuka walifikishwa hospitali wakiwa wamekwisha kulegea miguu, wengine kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo ambacho wakati ule kilichelewa kutambuliwa. Kutoa kipande cha diski ni jambo jingine. Uholanzi walichapisha mwaka 2007 utafiti wa wagonjwa 283 wenye siatika ya wiki 6 hadi 12: waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka kuliko waliosubiri kwanza, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa, takriban 95 katika 100 wakisema wamepona. Hapo wengi hukimbilia kusema upasuaji hauna maana. Ila wewe una miezi mitano, na Kanada walichapisha mwaka 2020 utafiti wa watu kama wewe, waliokuwa na siatika ya kati ya miezi minne na kumi na miwili. Baada ya miezi sita, maumivu ya mguu ya waliopasuliwa yalikuwa 2.8 katika kipimo cha 10, na ya wasiopasuliwa 5.2. Kwa hiyo daktari wako wa kwanza hakukosea kuutaja upasuaji. Alikosea, kwa maoni yangu, kukutisha kwamba utapooza, wakati watu wengi wenye diski kama yako hawapoozi.

Jua tu unanunua nini. Unanunua nafuu ya shoti ya mguu wa kushoto. Kiuno kinaweza kuendelea kuuma, nyayo zitaendelea kuwaka, na ganzi itachukua muda, kwa sababu neva iliyojeruhiwa sana huota kwa takriban milimita 1 kwa siku, nayo ina safari ndefu kutoka kiunoni hadi kidoleni. Baadhi ya watu diski hutokeza tena. Sukari ikiwa juu siku ya upasuaji, kidonda huoza kwa urahisi, kwa hiyo daktari makini atataka kwanza kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu, badala ya kile cha kidole cha asubuhi moja.

Kama umepungua uzito bila sababu, unatoka jasho usiku, una homa za jioni au maumivu yasiyokuacha hata ukilala, sema hivyo waziwazi, ili watafute kifua kikuu au uvimbe kabla ya mengine yote. Na kama unakunywa maziwa mabichi safarini, litaje hilo pia, kwani brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, hupenda kiuno.

Ushauri ambao hutaupenda ni kuhusu usukani. Mguu wa kushoto huenda hauinuki vizuri, wa kulia ambao ndio wa breki huenda unapoteza hisia za wayo, na kichwa kinasinzia. Hadi upimwe, usiendeshe lori. Mwombe mwajiri kazi ya yadi au ya kusimamia upakiaji, bila kubeba, hata kama posho ya safari itakosekana kwa mwezi mmoja au miwili.

Kiwanja kisiuzwe kwanza, isipokuwa jaribio la visigino likionyesha kwamba mguu unalegea. Kama mguu una nguvu, fanya wiki sita za fiziotherapia ya kweli huku ukishusha sukari, kisha urudi kwa daktari wa upasuaji, na ikiwezekana upate maoni ya pili ya bingwa mwingine, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Nenda na picha za MRI zenyewe pamoja na ripoti, majibu ya HbA1c, figo na B12, na hesabu ya vidole ulivyoshindwa kuvihisi mke wako alipokugusa. Umuulize daktari ni dalili ipi kati ya zile tatu, kiuno, shoti ya mguu au moto wa nyayo, anayokusudia kuiondoa, na hilo akujibu mke wako akiwa amekaa pembeni yako.